BIMA YA AFYA NA KAYA ISIYO NA UWEZO
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Somo hili laeleza jinsi sheria za nchi zilivyojaribu kumkinga mtu wa kipato kidogo dhidi ya gharama za matibabu, mahali zilipopungukiwa, na kazi iliyobaki mikononi mwa chama cha msingi. Mfano unaotumika ni wa Endabash, wilayani Karatu, ambako wakulima hutegemea mahindi, maharage na mbaazi. Hata hivyo, hoja zake zahusu kila kijiji ambacho fedha huingia wakati wa mavuno tu, ilhali maradhi huja wakati wowote.

1. Chanzo cha sheria

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa kwa wananchi bila malipo. Kuanzia 1993 hospitali za serikali zilianza kuwatoza wagonjwa mchango. Tangu hapo mkulima aliyeugua kabla ya mavuno alikabiliwa na njia tatu: kukopa, kuuza mfugo kwa bei ya haraka, au kukaa nyumbani na ugonjwa wake.

Ili kuondoa adha hiyo, mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mwaka 2001 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko huo. Msingi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: kaya hulipa mara moja kwa mwaka na kutibiwa mwaka mzima, na serikali huongeza kiasi kile kile kilichochangwa. Utaratibu huu wa nyongeza uliitwa "tele kwa tele".

2. Mahali sheria ya 2001 ilipopungukiwa

Kwanza, kujiunga kulikuwa kwa hiari. Aghalabu aliyejiunga ni yule aliyekwisha kuona dalili za ugonjwa, na mwenye afya alijiweka kando. Mfuko wenye wagonjwa wengi kuliko wazima hauwezi kudumu. Jambo hili halikuwa la vijijini tu. Mwezi Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya, kwa kuwa wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokuwa wagonjwa tayari. Mpango huo ulirejeshwa baadaye.

Pili, kadi ilikuwa na mipaka. Mara nyingi ilimfaa mwanachama katika kituo alichojiandikisha au ndani ya wilaya yake. Aliyepewa rufaa aliweza kujikuta analipa upya.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha somo, ni suala la msamaha. Sheria iliruhusu kaya isiyo na uwezo isamehewe mchango kwa mapendekezo ya serikali ya kijiji. Lakini barua ya msamaha haikuwa na shilingi ndani yake. Hesabu ifuatayo yaonyesha matokeo.

Ichukuliwe kuwa kijiji kina kaya 200, na kila moja hutakiwa kuchanga shilingi 30,000. Zikichanga zote, hupatikana shilingi 6,000,000. Na kwa tele kwa tele, mfuko hufikia shilingi 12,000,000. Kaya 20 zikisamehewe pasipo mtu wa kuzilipia, michango hupungua kwa shilingi 600,000, na mfuko mzima kwa shilingi 1,200,000. Wagonjwa ni wale wale, dawa zimepungua. Ndiyo maana viongozi wa vijiji walisita kutoa msamaha, na mhitaji aliyeupata aliweza kutazamwa zahanati kama mtu wa kusaidiwa na si mwenye haki.

3. Marekebisho yaliyofuata

Kuanzia 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulienezwa mikoani. Kiwango kiliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, isipokuwa Dar es Salaam, ambako viwango vilikuwa tofauti. Matibabu yaliruhusiwa hadi hospitali ya mkoa kwa njia ya rufaa. Kwa kaya ya watu sita, huo ni mchango wa shilingi 5,000 kwa kila mtu.

Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayohusu Tanzania Bara. Sheria hiyo ina mabadiliko mawili makubwa. La kwanza, bima imekuwa wajibu wa kila mkazi, ili mzima na mgonjwa wachangie pamoja. La pili, imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo, ukiwa na vyanzo vilivyotajwa katika sheria, miongoni mwavyo sehemu ya ushuru wa vinywaji na kodi ya michezo ya kubahatisha. Kwa maneno mengine, asiye na uwezo hatakiwi tena kusamehewa tu, hutakiwa alipiwe.

4. Kazi ya chama cha msingi

Sheria hutungwa Dodoma, lakini fukara hujulikana kijijini. Asipoandikwa, fedha zilizotengwa kwa ajili yake hazitamfikia. Kwa hiyo yafaa katibu na kamati wazingatie mambo haya:

(a) Orodha ya kaya zisizo na uwezo ijadiliwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji. Wanachama wahudhurie na kuwasemea wajane, wazee na walemavu wasio na msemaji. Kumwingiza ndugu mwenye mashamba ni kumnyang'anya maskini kadi yake.

(b) Umaskini hubadilika. Mwaka 2017 India ilipozuia uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka, na mkulima aliyekuwa na uwezo msimu uliotangulia aliweza kuukosa. Hapana budi orodha ipitiwe upya kila mwaka.

(c) Mchango ukusanywe wakati wa mauzo. Chama chaweza kukata fedha hizo katika malipo ya mazao, mradi mkutano mkuu umeazimia na mwanachama ametia sahihi ya ridhaa. Katibu asikate kwa mazoea.

(d) Fedha za bima zisichanganywe na fedha za mazao. Ziandikwe katika daftari lake, zipelekwe bila kukawia, na mwanachama apewe stakabadhi. Shilingi iliyolala katika kasha la chama haimtibu mtu.

(e) Kabla ya msimu, katibu aulize Halmashauri kiwango kinachotumika na huduma zinazolipiwa, kisha abandike tangazo ofisini.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mfuko wa hiari huelekea kubaki na wagonjwa wengi?
2. Eleza tofauti kati ya kusamehewa mchango na kulipiwa mchango.
3. Katika kijiji cha kaya 300, kaya 30 zimesamehewa bila kulipiwa. Kwa kiwango cha shilingi 30,000 na tele kwa tele, mfuko umepungukiwa kiasi gani?
4. Je, katika kijiji chenu ni kaya zipi zinazostahili kulipiwa ambazo hazimo katika orodha? Nani atazisemea katika mkutano ujao?