Kwa Nini Asiyeumwa Naye Huulizwa

Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, watu walifika hospitalini macho yao yakiwa ya manjano na ini likishindwa kufanya kazi. Chanzo hakikuwa homa ya ini inayoletwa na virusi. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317. Kati yao 125 walifariki.

Tabibu huuliza: huyu anaumwa nini? Epidemiolojia huongeza swali jingine: kwa nini huyu, wala si jirani yake? Jibu halipatikani kwa mgonjwa peke yake. Wagonjwa wote wakisema wamekula ugali, hilo halithibitishi kitu, kwani kijiji kizima hula ugali. Kwa hiyo watafiti waliwachukua wagonjwa 40, na kwa kila mmoja wakatafuta watu wawili wasioumwa wa kijiji hichohicho. Wote 120 waliulizwa maswali yaleyale: mahindi yalitoka wapi, yalikaushwa vipi, yaliwekwa wapi.

Hapo tofauti ikajitokeza. Waliougua ndio hasa waliokuwa wameweka ndani ya nyumba mahindi ya shamba lao yakiwa bado na unyevu. (Si uzembe: aliyeonja njaa haachi mavuno yake nje yaibiwe.) Katika unyevu huo ukungu huota na kutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi ya wagonjwa yalipopimwa, yalikutwa na sumu hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko ya majirani wazima. Sasa ilijulikana la kufanya: kuondoa mahindi yale, kuwapa watu chakula kingine, na kuhimiza nafaka ikaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa.

Mzima anayebishiwa hodi na mhudumu wa afya huenda akajibu juujuu, akiona hayamhusu. Lakini jibu lake lina uzito sawa na la mgonjwa. Akikosea yeye, ulinganisho wote hupinda. Mhudumu naye asimdadisi mgonjwa kwa saa nzima na jirani kwa dakika tano. Tena mgonjwa, kwa kuwa amekwisha kuwaza sana kilichompata, hukumbuka mengi kuliko mzima. Kwa sababu hiyo kumbukumbu haitoshi: huko Makueni na Kitui, pamoja na maswali, mahindi ya pande zote mbili yalipelekwa maabara, na damu pia.