Mtoa Habari na Mchongezi: Somo kutoka Nyandarua na Belfast

Katika kikao cha polisi na wananchi kilichofanyika mtaani Jabe, jijini Bujumbura, mama mmoja muuza ndagala alisimama akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa maneno mawili. Alisema: "Waheshimiwa, kila siku mnatuomba tuwaletee habari. Jina langu likijulikana mtaani kesho, ni nani atakayelala mlangoni pangu?" Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja akaongeza kwa sauti ya chini kwamba katika umri wake amekwisha kuwaona watu walioitwa wachongezi wakitoka nyumbani jioni wasirudi.

Tuliahidi kulijibu swali hilo kwa maandishi. Ahadi ni deni, na makala haya ni malipo yake. Tumeona vema kupitia kwanza historia ya nchi nyingine, kwa sababu swali la mama huyu si la Jabe peke yake. Limeulizwa Kenya, limeulizwa Ireland, na mahali pote ambapo dola imewahi kutafuta habari ndani ya jamii inayoogopa.

Tofauti ya majina

Katika mitaa yetu neno moja hubebeshwa mizigo mingi. Yeyote aliyeonekana akizungumza na askari huitwa mchongezi, na mambo huishia hapo. Inafaa tuwatenganishe watu watatu.

Wa kwanza ni shahidi. Huyu ameona au amesikia jambo kwa macho na masikio yake, naye hulieleza mbele ya ofisa anayeliandika katika PV, hata mahakamani ikilazimu. Wa pili ni mtoa habari. Huyu ni mwananchi anayeeleza hatari aliyoigundua, kama vile silaha iliyofichwa au mtoto anayesafirishwa kwa hila, bila kutaka jina lake litajwe. Wa tatu ni mpelelezi wa siri aliye ndani ya kundi. Huyu ni mwanachama wa kundi lenyewe, au amejifanya mwanachama, naye hula na kulala na wenzake huku akipeleka habari zao kwa wakuu wa usalama. Historia tunayoieleza hapa inamhusu zaidi huyu wa tatu, lakini damu iliyomwagika kwa sababu yake iliwafikia pia wale wawili wengine.

Kenya: watu wa magunia

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya ili kuzima vita vya Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari, bunduki na ndege, lakini ilikosa habari. Wapiganaji walikuwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na waliowalisha walikuwa vijijini na mitaani.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi. Waafrika wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia yaliyotobolewa matundu ya macho. Mtu wa gunia alipotikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alichukuliwa. Hakuulizwa shahidi, wala hakukuwa na PV. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini katika msako huo. Ni wangapi kati yao waliotiwa kidole kwa sababu ya deni, ugomvi wa shamba au wivu wa mke? Gunia halina uso, na asiye na uso haogopi kusema uongo.

Njia ya pili ilikuwa ya siri zaidi. Ofisa kijana wa jeshi, Frank Kitson, aliyefanya kazi ya upelelezi katika wilaya za Kiambu na Thika, aliwatumia wapiganaji waliotekwa kuunda makundi bandia. Mateka alijua kwamba mtu aliyekamatwa na silaha angeweza kunyongwa, na katika miaka hiyo watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kweli. Baada ya hofu hiyo alipewa chakula, heshima kidogo na kazi ndogo. Kisha alirudishwa msituni akiwa amevaa matambara yale yale, akaenda kuwakuta wenzake wa jana. Ofisa wa polisi Ian Henderson, aliyekulia Kenya na kukijua sana Kikuyu, aliitumia njia hiyo katika kumtafuta Dedan Kimathi. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Kwa hesabu ya kijeshi njia hizo zilifaulu. Hesabu nyingine ilichelewa kuletwa. Uhuru ulipofika mwaka 1963, aliyevaa gunia na aliyetikisiwa kichwa walibaki majirani, wakichota maji mto mmoja. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya hamsini.

Ireland: kisu kilichogeuka

Kitson hakuyaacha mafunzo yake Kenya. Mwaka 1970 alipelekwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, kuongoza brigedi ya jeshi la Uingereza, akabaki huko hadi 1972. Huko wapiganaji wa IRA, waliotaka Ireland nzima iwe jamhuri moja, walipambana na jeshi hilo na polisi. Hatusemi kwamba yeye peke yake ndiye aliyeanzisha upelelezi wa huko. Tunasema tu kwamba mbinu zilivuka bahari pamoja na mtu.

Watu wa huko waliingizwa katika upelelezi kwa njia ambazo msomaji wa Jabe atazitambua. Mmoja alikamatwa na kosa dogo, akaambiwa litasahauliwa. Mwingine alikuwa na madeni. Mwingine alikuwa amekosana na wakubwa wake. Denis Donaldson, mtu mwenye cheo katika chama cha Sinn Féin, alikiri hadharani mwezi Desemba 2005 kwamba alitumikia idara za siri kwa takriban miaka ishirini, na kwamba alinaswa wakati wa udhaifu katika maisha yake. Mwezi Aprili 2006 aliuawa kwa risasi katika nyumba aliyojificha, ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Donegal.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mpelelezi aliyepewa jina la siri Stakeknife. Vyombo vya habari vimemtaja Freddie Scappaticci, ingawa mwenyewe alikana hadi kufa kwake mwaka 2023. Alikuwa katika kitengo cha IRA kilichowasaka wachongezi, kuwahoji na kuwaua. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: aliyewasaka wapelelezi ndiye aliyekuwa mpelelezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Maiti nyingi za waliotuhumiwa zilitupwa kando ya barabara za mpakani. Wakuu wake wa kijeshi walidai kwa miaka mingi kwamba aliokoa mamia ya watu. Uchunguzi ulioitwa Kenova ulitoa ripoti ya awali mwezi Machi 2024, ukasema kwamba madai hayo yalitiwa chumvi, na kwamba yaelekea roho zilizopotea ni nyingi kuliko zilizookolewa. Mauaji ambayo yangeweza kuzuiwa yaliachwa yatokee ili siri ya mtu mmoja isifichuke.

Ushahidi wa watu wa aina hiyo mahakamani nao ulikuwa na kasoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wengi walihukumiwa kwa neno la mpiganaji mmoja aliyegeuka na kuahidiwa msamaha. Katika kesi mashuhuri zaidi, mwaka 1986 mahakama ya rufaa ilizifuta hukumu za watu 18.

Hofu nayo iliua wasiohusika kabisa. Mwezi Desemba 1972 Jean McConville, mjane mwenye watoto kumi, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast, akauawa na kuzikwa kwa siri. Waliomuua walimwita mchongezi. Mabaki yake yalipatikana ufukweni, kusini mwa mpaka, mwaka 2003. Mwaka 2006 ofisi huru inayopokea malalamiko dhidi ya polisi ilieleza kwamba haikupata ushahidi wowote kuwa mama huyo alitoa habari. Watoto wake walitawanywa, na jina la mama yao lilisubiri kusafishwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Yanayotuhusu sisi

Hatusimulii haya kama watu waliosimama mbali. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na ndani yake waliunganishwa waliokuwa jandarmeri, polisi wa zamani na wapiganaji wa vyama vilivyokuwa msituni. Kila upande ulikuwa na masikio yake mitaani. Wengi wetu tulikuwa vijana wakati huo, nasi tunajua kwamba neno moja lililosemwa gizani lilitosha kuiondoa familia nzima.

Jabe, kama Buyenzi na Bwiza, ni mtaa wa watu waliochanganyika, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Wengi wana ndugu Uvira au Kigoma, na habari huvuka mpaka wa Gatumba kabla ya mwenyewe kupanga safari. Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo kwa wananchi, na tunajifunga nazo sisi wenyewe.

Eleza ulichokiona, usieleze unachokidhani. "Niliona magunia matatu yakishushwa usiku" ni habari. "Yule simpendi, lazima ni mwizi" ni uchongezi.

Usilete ugomvi wa kiwanja, deni au ndoa ukiuvisha nguo za usalama. Ugomvi huo una wenyewe: wabashingantahe, mkuu wa mtaa, mahakama.

Muulize ofisa jina lake na kituo chake. Ofisa wa haki hachukii kuulizwa.

Mtu yeyote akikupa fedha au simu ili ujiunge na kundi lenye silaha, uvuke mpaka kwenda kulichunguza, au ushiriki kosa ili upate habari, kataa, hata akijitambulisha kuwa ni askari. Kosa halihalalishwi na siri.

Kijana aliyekamatwa asitishwe kwa kosa lake ili auze majina ya wenzake. Hilo likitokea, mzazi ana haki ya kulifikisha kwa mkuu wa kituo na kwa mwendesha mashitaka.

Nasi maofisa tusimfuate mtoa habari nyumbani kwake tukiwa na sare, tusimpigie simu mbele ya watu, tusilitaje jina lake katika kikao, wala tusimkamate mtu kwa neno moja lisilothibitishwa na jingine.

Jibu kwa mama wa Jabe

Mama yetu, uliuliza ni nani atakayelala mlangoni pako. Tungekudanganya tungesema kwamba ni sisi. Askari hawatoshi kulinda kila mlango. Iko sheria ya mwaka 2016 inayohusu ulinzi wa waathiriwa, mashahidi na watu wengine walio hatarini, nawe una haki ya kuiomba ikutumikie. Lakini ulinzi wa kwanza ni kutolifikisha jina lako mlangoni pako, na ulinzi huo uko katika ulimi wetu. Afisa anayelitoa jina la raia kwa uzembe amemweka hatarini sawa na aliyemfungulia adui mlango.

Nanyi majirani mna sehemu yenu. Neno "mchongezi" lisitupwe ovyo sokoni. Mama yule wa Belfast aliuawa kwa neno hilo, na halikuthibitishwa.

Maswali ya kujadili katika vikao vya nyumba kumi

1. Kuna tofauti gani kati ya shahidi, mtoa habari na mpelelezi aliye ndani ya kundi? Toeni mfano wa kila mmoja pasipo kutaja jina la mtu.

2. Kwa nini mtu wa gunia aliweza kusema uongo kwa urahisi kuliko shahidi?

3. Je, ni halali kuacha mtu mmoja afe ili siri ya mwingine idumu? Nani anayepaswa kuamua?

4. Ni jambo gani moja ambalo polisi wa mtaa wenu wakilibadilisha, mtawaamini zaidi? Andikeni jibu lenu, mlikabidhi kwa mkuu wa mtaa. Nasi tutalijibu katika toleo lijalo.