Kurekodi Video ya Mto kwa Simu

Mkazi wa Kau anayetaka kuonyesha hali ya Mto Tana mtandaoni hahitaji kamera ya gharama, simu yatosha. Kwanza afute lenzi kwa kitambaa safi. Asimame mbali na injini ya boti, kwa kuwa watazamaji huvumilia picha hafifu kuliko sauti isiyosikika. Asikaribie ukingo: kuna mamba na viboko.

Aanze kwa kutaja mahali, tarehe na saa. Bila hivyo, video ya mafuriko ya Novemba 2023 ikisambazwa leo, familia itahama bure. Nayo ikidanganywa mara mbili, huenda isihame siku maji yakija kweli. Dakika moja inatosha, na bando halitaisha.