Kaswende: Kidonda Kupona Siyo Kupona Ugonjwa



Somo letu la leo ni juu ya kaswende. Wengine huiita sekeneko. Ni ugonjwa wa zinaa. Soma polepole, kisha msomee na mwenzako.

Dalili zake

Kaswende huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Hupita kutoka mtu hadi mtu wakati wa kujamiiana. Baada ya wiki 3 hivi hutokea kidonda sehemu za siri. Mara nyingi kidonda hicho hakiumi. Kwa mwanamke huweza kutokea ndani, asikione kabisa.

Sasa angalia hila ya ugonjwa huu. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe, hata bila dawa yo yote. Aliyekunywa mitishamba atasema mitishamba imemponya. Aliyejinunulia vidonge dukani atasifu vidonge. Lakini ugonjwa haukutoka. Umeingia ndani ya mwili.

Baadaye vipele huweza kutokea, hata katika viganja na nyayo. Navyo hupotea. Kisha mtu hukaa miaka mingi akijiona mzima. Analima, anacheza ngoma, anaoa au anaolewa. Asipotibiwa, ugonjwa waweza kuharibu moyo, macho na ubongo wake.

Mtoto tumboni

Mama mjamzito mwenye kaswende huweza kumwambukiza mtoto tumboni. Mimba huweza kuharibika. Mtoto huweza kuzaliwa mfu, au kuzaliwa na ugonjwa. Hapo watu husema, "Huu ni mkono wa mtu." Ndugu hushutumiana, na pengine mke hurudishwa kwao. Kumbe kilichotakiwa ni kupima damu na kuchoma sindano mapema.

Kupima

Huwezi kuijua kaswende kwa kujitazama. Ni lazima damu ipimwe. Kwa kipimo cha haraka, hutobolewa ncha ya kidole, likachukuliwa tone la damu. Jibu hupatikana kwa dakika 20 hivi. Kama umeambukizwa juzijuzi, damu huenda isionyeshe. Rudi siku utakayoambiwa.

Wewe kijana, kama umekwisha anza kujamiiana, nenda ukapime. Usingoje kidonda. Usingoje mimba. Aliye karibu na Kilosa mjini anayo hospitali ya wilaya. Aliye Mikumi anayo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Aliye mbali aanzie zahanati ya karibu, aulize. Usione haya. Kazi ya daktari ni kukutibu, siyo kukuhukumu.

Reli ya Kati hupita Kilosa, na barabara kuu ya kwenda Iringa hupita Mikumi. Watu wengi huja na kuondoka. Lakini usiseme kaswende ni ya madereva na wageni tu. Ugonjwa hauulizi mtu ametoka wapi.

Dawa ipo

Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Ikiwa bado changa, kwa kawaida dozi moja hutosha. Ikiwa imekaa muda mrefu, huchomwa mara moja kila wiki kwa wiki 3. Kama penisilini hukudhuru, mwambie daktari kabla ya kuchomwa.

Mpeleke na mwenzako. Ukitibiwa peke yako, atakuambukiza tena. Msijamiiane mpaka nyote wawili mmetibiwa na daktari amewaruhusu. Itunze kadi yako, maana kipimo cha haraka huweza kuonyesha kaswende hata baada ya kupona. Baadaye, kondomu hupunguza hatari, lakini kidonda kisichofunikwa nayo bado huambukiza.

Jambo jingine: kidonda cha zinaa huufungulia Ukimwi mlango. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, huduma ya kutibu magonjwa ya zinaa iliboreshwa katika baadhi ya vituo vya afya na zahanati. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi katika vijiji vilivyohudumiwa yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40, yakilinganishwa na vijiji vingine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu mwenye kaswende huweza kujidhani amepona?
2. Kwa nini mke na mume wapime wote wawili?
3. Je, katika kijiji chenu vijana huona haya kupima? Mtawasaidiaje?