Sepsisi: Kinga ya Mwili Inapomgeuka Mwenyewe

Mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, amekatwa na chaza mguuni. Anasuuza kwa maji ya bahari, anafunga kitambaa, kesho yake anarudi kazini. Siku ya tatu mguu umevimba. Mwili unachoma, naye anatetemeka kwa baridi. Kinga yake inapigana na bakteria, na mapigano hayo yakianza kuharibu viungo vyake mwenyewe, hiyo ndiyo sepsisi. Huweza pia kuanzia kwenye mapafu, njia ya mkojo, tumbo, au mfuko wa uzazi baada ya kujifungua.

Mtu akiwa mzima, jeni nyingi za kinga ndani ya chembe nyeupe za damu huwa zimetulia. Chembe ikimgusa bakteria, ishara hufika kwenye kiini chake, na protini iitwayo NF-kB hushika DNA na kuziamsha jeni hizo. Chembe humwaga saitokini, kemikali zinazoleta homa, kupanua mishipa na kuita chembe nyingine. Kwa kidonda cha kawaida, hilo ndilo linalotuponya, kisha jeni hutulia tena. Kwenye sepsisi saitokini haziishii kidondani. Mishipa inavuja mwili mzima, presha inashuka, na damu haifiki sawasawa kwenye figo na ubongo.

Wakati huohuo jeni nyingine hulazwa kupita kiasi. Chembe ziitwazo monosaiti hupunguza HLA-DR, protini ya kuzionyesha chembe nyingine vipande vya adui. Ndiyo maana aliyenusurika siku za kwanza anaweza kupata nimonia akiwa bado wodini. Homa ikishuka, usikimbilie kusema amepona: mgonjwa wa sepsisi huweza kuwa baridi kabisa, hasa mtoto mchanga.

Kwa nini watoto wawili wapate bakteria mmoja, na mmoja tu azidiwe? Sehemu ya jibu imetoka hapa pwani. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Kilifi na wa Malawi waliopata Salmonela kwenye damu. Tofauti ndogo kwenye jeni ya STAT4 ilionekana kuongeza hatari hiyo, na wagonjwa wenye tofauti hiyo walikuwa na kiwango pungufu cha interferoni gama katika damu, kemikali ambayo mwili huihitaji sana dhidi ya bakteria huyo. Basi mama asilaumiwe, wala jirani asishukiwe uchawi.

Hakuna dawa ya nyumbani ya kuzirudisha jeni hizi katika utaratibu wake. Kinachowezekana ni kuwahi: antibiotiki ya sindano, maji ya mishipani, oksijeni. Vidonge vichache vya dukani huchelewesha safari tu, na kwetu safari ina mambo yake. Mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa, na kusi ikivuma bahari huchafuka.

Kwa hiyo mgonjwa akihema mbio, akichanganyikiwa, akikosa mkojo, akiwa na mikono na miguu ya baridi, au mtoto akikataa kunyonya, usingoje kupambazuke. Walio Pate waanzie hospitali ya Faza. Matibabu yaanze hapo wakati boti ya kwenda King Fahd, Lamu mjini, inatafutwa. Mwambie mhudumu saa dalili zilipoanza, jeraha liko wapi, na dawa zilizokwisha kunywewa. Uliza waziwazi: “Je, hii yaweza kuwa sepsisi?”