Gitaa la Umeme la Kujitengenezea: Tuchague Vifaa kwa Kazi, Si kwa Kung'aa

Tuseme umekwisha chonga gitaa lako la umeme. Kiwiliwili kipo. Shingo ipo, na vile vyuma vyembamba vya shingoni umekwisha vipigilia. Sasa imebaki kazi ya kumalizia: kulipaka na kulifunga vifaa. Hapa ndipo wengi wetu hupoteza fedha. Tunanunua kinachong'aa na kuacha kinachofanya kazi. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo tujifunze kuchagua.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Brian May ni mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza. Ndiyo bendi aliyoiimbia Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Mwaka 1963, Brian akiwa na miaka 16, yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa nyumbani kwao. Hawakuwa na fedha za kununua lile la dukani.

Shingo waliichonga kutoka ubao wa zamani uliokuwa juu ya meko ya kuotea moto. Ubao ulikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni ni vifungo vya nguo vya gamba la chaza, kutoka kikapu cha ushonaji cha mama. Springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Mkono wa kutikisia sauti ulitoka kwenye baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia.

Lakini angalia jambo moja. Brian alijitengenezea pia vinasa sauti. Havikumridhisha, basi akanunua vya dukani. Hilo ndilo somo letu. Kitu cha nyumbani kikiweza kazi, kitumie. Kisipoweza, tafuta fedha ununue. Gitaa lile Brian ameendelea kulipiga kwa miaka mingi. Mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la jumba la Malkia, mjini London.

KWANZA: KUPAKA

Toboa matundu yote kabla ya kupaka. Ukitoboa baadaye, vanishi itabanduka.

Piga msasa kwa kufuata mishipa ya mbao, usikate mishipa. Anza na namba 120, kisha 220, umalizie na 320. Futa vumbi kwa kitambaa. Paka vanishi nyembamba, uiache ikauke kabisa, upige msasa wa 320 kidogo, kisha upake tena. Mipako mitatu au minne myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Mzito hukauka juu tu, ndani unabaki laini. Haraka haraka haina baraka.

Ubao wa juu ya shingo ukiwa wa mpingo, hauhitaji vanishi. Mpingo ni mgumu na una mafuta yake.

Tahadhari mbili. Kwanza, vanishi hutoa mvuke unaoshika moto. Pakia nje, mbali na jiko na kibatari. Pili, kama unatumia mafuta ya kitani, usikunje vitambaa ulivyopakia na kuvitupa pembeni. Vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka, hata bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji.

PILI: VIKAZIO VYA NYUZI

Vikazio ni vile vifungo vya kichwani ambavyo tunavizungusha kukaza nyuzi. Hapa usibane fedha sana. Nyuzi sita za chuma za kawaida, zikikazwa sawasawa, huvuta kwa nguvu ya kilo 45 hadi 50. Ni kama nusu gunia la mahindi! Kikazio kibovu hulegea, na gitaa haliwezi kukaa kwenye sauti.

Ukiwa dukani, zungusha kila kimoja. Kisicheze, wala kisikwame. Tena hesabu: kama kichwa cha gitaa kina vitatu kila upande, unahitaji vitatu vya kushoto na vitatu vya kulia. Pima mhimili wake kabla ya kutoboa tundu.

Skrubu zake ni ndogo, na hukatika upesi. Toboa kwanza kitundu chembamba, kisha isugue skrubu kwenye sabuni kavu au nta. Itaingia bila kulazimishwa.

TATU: KIZINGITI NA DARAJA

Kizingiti ni kile kipande chenye mikato sita, mahali shingo inapokutana na kichwa. Hiki hakuna haja ya kununua. Chukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, uchemshe, uusafishe, uukaushe, kisha uupige tupa. Mfupa ni mgumu na hauliwi na nyuzi upesi.

Daraja ni mahali nyuzi zinapokaa juu ya kiwiliwili. Mahali pake tunapapata kwa hesabu. Pima kutoka kizingiti mpaka chuma cha 12 cha shingoni. Kisha zidisha mara 2. Kwa mfano, ukipata sentimita 32.4, daraja litakaa sentimita 64.8 kutoka kwenye kizingiti.

Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Ukibonyeza uzi unaukaza kidogo, na sauti inapanda. Kwa hiyo kila uzi huhitaji kurefushwa kidogo, na nyuzi nene zaidi kuliko nyembamba. Ndiyo maana tunanunua daraja ambalo kila uzi una kikalio chake kinachosogea mbele na nyuma. La kung'aa lisilosogea litakusumbua maisha.

Namna ya kupima ni hii. Gusa uzi taratibu juu ya chuma cha 12 bila kubonyeza, piga, usikilize. Halafu bonyeza palepale, piga tena. Sauti ya pili ikiwa juu zaidi, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

NNE: KINASA SAUTI NA WAYA

Kinasa sauti, ambacho wapigaji hukiita pikapu, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya ule. Amplifaya ndiyo inayoukuza. Kumbe ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifanyi kazi hapa. Lazima ziwe za chuma.

Hapa fanya kama Brian: nunua kilicho kizima. Hata bila kifuniko cha kung'aa, sauti ni ileile. Kazi ya kuunganisha waya kwa risasi mpe fundi redio kama wewe huijui. Mwambie apitishe waya mmoja kutoka kwenye daraja mpaka kwenye upande wa ardhi wa tundu la kuchomekea. Waya huo hupunguza mngurumo.

Sasa tusikilizane vizuri. Gitaa lenyewe haliui, maana umeme wake ni mdogo. Hatari iko kwenye umeme wa ukutani, ambao ni volti 230. Amplifaya mbovu inaweza kuuleta huo mpaka kwenye nyuzi unazozishika. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales. Alishika maikrofoni isiyounganishwa na waya wa ardhi, huku ameshika gitaa lake.

Kwa hiyo:
1. Usichomeke gitaa kwenye umeme wa ukutani hata siku moja. Gitaa huingia kwenye amplifaya tu.
2. Tumia amplifaya yenye plagi ya meno matatu, na soketi yenye waya wa ardhi. Usiukate waya wa ardhi ili kuondoa mngurumo.
3. Usipige ukiwa miguu mitupu kwenye sakafu au ardhi yenye maji.
4. Ukisikia nyuzi au maikrofoni zinakutekenya, acha mara moja. Zima umeme, uite fundi.

Ndugu msomaji, fedha zako zikiwa chache, zigawe hivi. Kwanza umeme salama, kisha vikazio, daraja na kinasa sauti. Virungu vya kuongezea sauti, rangi na mapambo vije mwisho. Vifungo vya nguo kuukuu vilitosha kwa Brian, na kwako vitatosha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunatoboa matundu kabla ya kupaka vanishi?
2. Kutoka kizingiti mpaka chuma cha 12 ni sentimita 31. Je, daraja litakaa sentimita ngapi kutoka kwenye kizingiti?
3. Taja vitu vitatu vya nyumbani alivyotumia Brian May. Ni kitu gani alilazimika kununua?
4. Mwenzako anataka kuukata waya wa ardhi wa amplifaya. Utamwambia nini?