Mbwa Akianguka Kifafa, Usikimbilie Rungu

Mkulima mmoja wa Kinangop alikuwa akikama asubuhi alipomwona mbwa wake akianguka kando ya boma. Mbwa alilala ubavu, miguu ikapigapiga kama ya mtu anayeogelea, taya zikagongana, povu likamtoka kinywani na mkojo ukamtoka pasipo yeye kujua. Mtu akapiga kelele, "Huyo ana kichaa!" Palepale mbwa akapigwa rungu la kichwa, akazikwa nyuma ya choo.

Jioni mtoto wa nyumba ile akasema kwamba juzi yake mbwa alimwuma kidole walipokuwa wakicheza. Sasa nani angeweza kusema kama mbwa yule alikuwa na kichaa au hakuwa nacho? Ubongo, ambao ndio hupimwa katika maabara, ulikuwa umepondwapondwa kwa rungu. Mtoto alipelekwa hospitali akadungwa sindano zote, na wazazi wakakaa na hofu majuma mengi. Kisha mbwa wa jirani naye akaanguka vivyo hivyo. Hapo ndipo ilipoonekana ndoo ya dawa ya kupe, imeachwa wazi karibu na mahali ng'ombe walipoogeshwa.

Yafaa tuelewe jambo hili. Kifafa cha mbwa ni dalili, kama vile kikohozi kilivyo dalili kwa mwanadamu. Magonjwa yanayoweza kukileta ni mengi. Ubongo hupeleka amri kwa mwili kupitia mishipa ya fahamu, kila amri kwa wakati wake. Kitu kikiuchokoza, amri hutoka zote kwa pamoja, na mwili mzima hutetemeka na kukakamaa.

Mbwa akiwa katika hali hiyo, waondoe watoto, kisha uondoe mawe na vyombo asijigonge. Usitie mkono wala kijiko kinywani mwake: mbwa hamezi ulimi wake, lakini anaweza kukukata kidole bila kukusudia. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, maana yataingia mapafuni. Tazama saa. Kifafa cha kawaida huisha kwa dakika moja au mbili, ingawa kwa mwenye kutazama huonekana kama saa nzima. Kikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mbwa yu hatarini na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Akiinuka atapepesuka, atagonga kuta, na pengine hatamtambua bwana wake. Mwache atulie.

Ni kweli kwamba kichaa cha mbwa chaweza kuleta mitukutiko, na hakuna mkulima apasaye kukifanyia mzaha. Hapa Kenya kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi, na mpaka leo kinaua watu. Lakini mwenye kichaa hubadilika tabia: mpole huwa mkali, mkali hujificha gizani, sauti yake hubadilika, mate humtiririka, taya huanguka, miguu hulegea, na baada ya siku chache hufa. Hapa nataka kuonya juu ya kosa moja ambalo watu wema hulifanya. Wakiona taya limelegea na mbwa hawezi kumeza, hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kooni kumsaidia. Usifanye hivyo hata kidogo.

Basi ukiwa na shaka, mfungie mbwa chumbani au bandani bila kumgusa, umpe maji na chakula kwa mbali, umwite Ofisa wa Mifugo. Ikiwa amemwuma mtu, naye akaishi siku 10 akiwa mzima, hakuwa akiambukiza kichaa siku ile alipouma. Hata hivyo aliyeumwa asingoje siku hizo. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Mbwa akifa, kichwa kisiharibiwe, na mwenye kukitoa awe mtu wa mifugo aliyefundishwa kazi hiyo.

Tukiacha kichaa, kitu cha kwanza cha kutazama katika mashamba yetu ni sumu. Dawa nyingi za kupe na za wadudu wa mboga huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, nazo humvuruga mbwa kwa njia hiyohiyo. Anaweza kunywa maji yaliyosalia katika ndoo ya pampu, au kujilamba baada ya mtu kumpaka dawa ya ng'ombe ili kumwondolea viroboto. (Desturi hii ya kumwogesha mbwa kwa dawa iliyokorogwa kwa kukisia imeua mbwa wengi wazuri.) Tazama dalili: mate mengi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kurukaruka, ndipo kifafa. Daktari anayo sindano ya kusaidia ikiwa utamwita upesi, na atafurahi zaidi ukimletea mkebe wenyewe ili asome jina la dawa. Ikiwa sumu iko juu ya manyoya, vaa mipira ya mikono umwoshe kwa sabuni na maji mengi.

Mwenye bustani ya kabichi aangalie dawa ya konokono. Huchanganywa na pumba, na mbwa huipenda kama chakula; akiila hutetemeka mwili mzima na kuwaka joto. Tena kuna watu ambao hutia sumu ya shambani katika nyama ili kuua fisi. Kabofurani ilitumiwa vibaya namna hiyo, hata mtengenezaji akaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009 baada ya simba na ndege wengi kufa. Nyama ya namna hiyo haichagui fisi na mbwa wa jirani.

Mahindi yaliyoota ukungu nayo ni sumu. Wengi husema, "Haya hayatufai sisi, mpe mbwa." Kumbukeni mwaka 2004, watu 125 walipokufa katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Sumu ile huharibu ini, na ini likishindwa kusafisha damu, ubongo hudhurika. Kisichomfaa mtu kwa sababu ya ukungu hakimfai mbwa.

Mbwa jike anayenyonyesha ana habari yake. Mwenye ng'ombe wa gredi anaijua homa ya maziwa, ng'ombe anapolala baada ya kuzaa kwa kupungukiwa na kalsiamu. Mbwa hupatwa na upungufu huohuo, mara nyingi majuma mawili mpaka manne baada ya kuzaa, lakini badala ya kulegea yeye hukakamaa, huhema na kutetemeka. Watenge watoto wake, umwite daktari. Usimdunge wewe mwenyewe dawa ya ng'ombe, kwa maana ikiingia kwa haraka moyo husimama.

Kwa mbwa mdogo fikiri njaa na minyoo, ambayo humaliza sukari ya damu. Mpake maji ya sukari kwenye ufizi akiwa na fahamu. Akiwa na usaha machoni na puani, akakohoa, kisha akaanza kutafunatafuna bure, huenda ni distempa, ambayo ina chanjo. Ufizi mweupe na mkojo wa rangi ya kahawia huonyesha homa ya kupe.

Wako pia mbwa wasioonekana na kosa lolote. Huanza kuanguka wakiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 6, na katikati ya vifafa ni wazima kabisa. Hawa wana kifafa chenyewe, ambacho mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo wasizalishwe. Daktari aweza kuwapa vidonge vya fenobabitoni, dawa ambayo wanadamu wenye kifafa wameitumia tangu 1912. Hutolewa asubuhi na jioni bila kukosa. Andika katika daftari tarehe ya kila kifafa, dakika zake, na alichokula mbwa siku ile. Na vidonge vikikaribia kwisha, nenda ukachukue vingine mapema, kwa sababu mbwa anayeachishwa ghafla huanguka vibaya kuliko zamani.